Bawabu Amefufuka Tena

Jumamosi, 2 Septemba

Ijulikane kwa vizazi vijavyo (vya wengine, maana mimi sina): leo asubuhi, mbele ya mafriji mawili mabovu na feni moja isiyozunguka, nimebadilisha kalamu. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi. Hii ni ya bluu. Historia itaamua.

Pia nimeingia sura ya tisa. Lakini tuanze na mambo makubwa.

Wiki ilikuwa nzuri kwa fasihi, yaani mbaya kwa wateja. Friji ukishalijaza gesi, unaliwasha, halafu unakaa. Huna la kufanya. Unasikiliza kompresa, unasubiri uone kama baridi itashika. Mafundi wenzangu saa hiyo hucheza karata. Mimi naandika riwaya. Mafriji yakiharibika mengi, kurasa zinakuwa nyingi. Kukiwa na umeme mzuri mtaa mzima, mhusika wangu anaweza kusimama mlangoni wiki mbili na mkono wake hewani.

Nijikumbushe hadithi, maana mwezi uliopita nilimsahau mtu ndani ya kisima sura nzima. Ni hivi. Kuna mji ambao lango la wafu limebaki wazi. Wafu wanarudi. Hawarudi kutisha watu, wanarudi kudai vitu vyao: mwavuli, sufuria, mmoja karudi kumalizia ugomvi na shemeji yake. Mlinzi wa lango ni Bawabu, jini mzee mwenye magoti mabovu. Na lango lile linafungwa kwa ndani tu. Kwa hiyo mwisho wa yote lazima Bawabu aingie, afunge, asionekane tena. Hiyo ndiyo riwaya. Mengine yote ni porojo zangu.

Anayechapa ni Dada. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi maisha yake yote. Kastaafu yeye, vidole bado. Jumamosi nampa kurasa za wiki, Jumapili ananirudishia zimechapwa, safi, na koma zangu zimepunguzwa kama magugu. Anampenda Bawabu waziwazi. Anasema ndiye mwanaume pekee humo ndani mwenye adabu.

Jana nilikwenda na Dada kliniki. Daktari kamshika shingo tena. Ule uvimbe wa tezi umekua. Akasema kwa upole kwamba tusisubiri sana, utakuja kubana njia ya hewa. Utolewe, alale wodini kidogo, arudi nyumbani. Dada akamsikiliza kwa heshima zote, mikono mapajani. Kisha akasema: Daktari, nina kazi mkononi, nachapa kitabu cha mdogo wangu. Kikiisha tu, mimi huyu hapa.

Daktari akanigeukia mimi. Zimebaki sura ngapi?

Nikasema mbili. Labda tatu.

Akaandika kitu. Nadhani sasa mimi ni sehemu ya matibabu.

Jumatano, 6 Septemba

Asubuhi nimemkuta Dada kwenye kochi la sebuleni. Kalala ameketi, mito mitatu mgongoni, mtandio shingoni. Alipofumbua macho akasema mbu wa chumbani kwake wana kelele. Nikasema kweli, msimu huu wamezidi.

Nikapuliza dawa ya mbu chumbani kwake. Chumba hakina mbu hata mmoja. Nimepuliza kwa bidii.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimemuua Bawabu!

Kafa vizuri, kabla ya chakula cha mchana, nikisubiri friji la duka la dawa lishike baridi. Kaingia langoni peke yake, kasukuma mlango kwa bega, akaanguka, hakuonekana tena. Nilitokwa na machozi. Mteja akaniuliza kama ni gesi. Nikasema ni gesi.

Nimempa Dada kurasa. Kazipima mkononi kama mtu anayenunua nyama. "Nyepesi wiki hii," akasema.

Jumapili, 10 Septemba

Bawabu hajafa. Kazirai.

Iko hapa imechapwa, nafasi mbili kati ya mistari, hakuna kosa hata moja: Bawabu anafumbua macho, anaomba maji, anatoka nje ya lango akichechemea. Lango wazi. Wafu wanaendelea kutoka na masufuria yao.

Nikamwuliza. Akasema: uliandika "akaanguka, hakuonekana tena". Mtu akianguka nyuma ya kochi haonekani. Kwa hiyo amekufa?

Lazima nikiri, alivyoomba maji ilikuwa tamu kusoma.

Jioni kapiga simu binti yake, mpwa wangu, yule anayefanya kazi mbali.

"Mjomba, mmefika wapi?"

"Bawabu kafufuka."

"Sikuulizi Bawabu, Mjomba! Nakuuliza Mama."

Nikamwambia mama anaendelea, kitabu kiko karibu. Akasema simuni anasikia Mama akivuta pumzi kama anapanda ngazi, na nyumba yetu haina ngazi.

Jumamosi, 16 Septemba

Kifo cha pili. Safari hii sikuacha upenyo. Kuna komeo. Kuna mnyororo. Kuna jiwe ambalo hata majini kumi hawalisogezi. Kuna sauti ya kufuli. Kuna kimya. Niliandika "kimya" mara mbili kwa usalama.

Jumapili, 17 Septemba

Lango lina dirisha upande wa nyuma.

Kumbe lilikuwepo siku zote! Bawabu kapita hapo, magoti na yote. Na si hilo tu. Nje kamkuta shangazi yake. Shangazi! Sura ya kumi na moja, kurasa chache kabla ya mwisho, mtu mpya anashuka na mabegi matatu na anataka kujua kwa nini hakuambiwa mapema. Halafu anaanza kufungua mabegi!

Nilikwenda jikoni na kurasa mkononi, nimejiandaa kufoka. Dada alikuwa anamenya vitunguu. "Huyu nani?" nikamwuliza. Akasema: kila mtu ana shangazi, hata jini. Ulimwonea, umemwacha mpweke mno.

Na yule shangazi ni mzuri, hasara iliyoje. Anamwambia mfu mmoja: "Umekufa miaka yote hiyo na bado huna adabu ya kupiga hodi?" Mimi singeiandika hiyo hata kwa mafriji mia.

Nilicheka. Naye akacheka, akaanza kukohoa, akageukia dirishani mpaka ikaisha. Nikasema basi, shangazi abaki, nitaongeza sura. Nikaenda zangu chumbani nikiwa na furaha isiyo na kichwa wala miguu. Sijui kwa nini nimefurahi hivi.

Jumatano, 20 Septemba

Janga! Sura ya kumi na mbili imekwenda na friji.

Bati la karakana linavuja juu ya meza yangu, kwa hiyo kurasa huwa naziweka ndani ya friji lolote lililo tayari. Hakuna kabati kavu kuliko hilo. Leo niliziweka kwenye droo ya chini ya friji la Mama Barafu, anayeuza maji baridi na barafu pale kona. Nikatoka kutafuta kipande cha bomba. Kurudi, wenye mkokoteni wamekuja, wamelibeba, wamekwenda. Kifo cha tatu cha Bawabu, nakala pekee, kimekwenda zake kikiwa kimesimama wima.

Nimekwenda kwake jioni, kafunga. Nimesikia kwa nje friji likinguruma. Baridi imeshika vizuri. Hilo ndilo tatizo.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimezipata. Zilikuwa kama mbao. Mama Barafu alikuwa amezianika kwenye kamba na vibanio vya nguo, moja moja, kwa mpangilio. Maana yake amesoma.

"Fundi," akaniambia, "friji linagandisha safi, lakini wewe ni katili."

Nikasema ni hadithi tu, Mama.

"Hadithi gani? Mzee wa watu kakulinda lango kitabu kizima, unamfungia ndani kama kuku! Na mbona dada yako kaniambia hafi? Kanisimulia mpaka kitabu cha nne."

Cha nne?

"Cha nne. Kuna harusi ya yule shangazi. Kasema hiki hakina haraka. Kasema anaomba kila siku usikimalize, maana kikiisha tu yeye..."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta friji ambalo nililifuta mwenyewe jana.

Nimerudi karakana, nimekaa juu ya ndoo. Kumbe si huruma kwa Bawabu. Kila Dada akimfufua, hospitali inasogezwa mbele wiki nyingine. Na mimi, bingwa wa kutazama watu, ninayemjua mteja mwongo kwa jinsi anavyofungua mlango wa friji lake, sikuliona hilo likipita mbele ya pua yangu kila Jumapili.

Au niliona. Niliona, nikampenda shangazi.

Ijumaa, 22 Septemba

Hakuna kilichoandikwa. Friji moja tu, na kosa lilikuwa plagi. Dada kauliza kurasa za kesho ziko wapi. Nikasema zinayeyuka.

Jumamosi, 23 Septemba

Alipokwenda sokoni nikakaa kwenye kompyuta yake. Nikaamua Bawabu atakufa kwa mkono wangu, tena kwa chapa. Vidole viwili. Asubuhi nzima, nusu ukurasa. Herufi wamezipanga bila akili, nani aliweka A kule pembeni?

Sikumsikia akirudi. Alisimama nyuma yangu na kikapu.

"Unaitafuta au umeipoteza?"

Nikasema natafuta K.

Akasoma juu ya bega langu. Alisoma mpaka pale niliposimama. Akaweka kikapu chini. Akavuta kiti, akakaa, akafungua mtandio. Nyumbani huwa haufungui mbele yangu siku hizi. Uvimbe umekuwa kama ngumi ya mtoto.

"Mama Barafu anagandisha kila kitu isipokuwa mdomo wake," akasema.

Nikamwuliza anaogopa nini. Mimi nilidhani najua. Nilidhani ni kile ambacho kila mtu anaogopa akisikia kisu na nusu kaputi. Siyo. Daktari alimwambia kuna uwezekano, mdogo, kwamba sauti itakwaruza baadaye. Pengine kwa muda. Pengine kwa muda mrefu. Alimwambia mwezi wa sita. Miezi yote hiyo kakaa nalo peke yake, huku akinipunguzia koma.

"Mimi nimebaki na nini?" akaniuliza. "Mume katangulia. Binti yuko mbali, ananipata kwenye simu tu. Simu ni nini, si sauti? Na wewe je? Nikiamka sauti hamna, nitakugombeza kwa kitu gani?"

"Utanichapia."

Akacheka! Alicheka mpaka akaegemea meza, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilisimama pale na mkono wangu mgongoni kwake. Kikohozi kilipoisha hakuna aliyekuwa anacheka.

"Na wewe unataka nini?" akauliza, sauti ndogo.

Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa tangu Alhamisi juu ya ndoo. Ilikuwa na sehemu ya daktari, sehemu ya mpwa wangu, na sehemu ya lawama. Ikatoka hivi tu: "Nataka ulale chali."

Akainuka, akaenda jikoni, akaosha masufuria. Yalikuwa safi. Aliyaosha kwa kelele nyingi na kwa muda mrefu.

Jumanne, 26 Septemba

Kapiga simu kliniki mwenyewe. Kaniambia baadaye huku akipiga pasi, kama mtu anayesema sabuni imeisha: Jumatatu. Tuingie asubuhi mapema, asile kitu.

Mpwa wangu kapiga simu analia na kucheka. "Mjomba, umemfanya nini Mama?"

Nikasema bado sijamfanya kitu. Kwanza kuna mzee lazima afe.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimempa sura ya mwisho. Ileile iliyogandishwa, yenye alama za vibanio. Hakuzipima kurasa mkononi safari hii. Akaniambia: toka, sipendi mtu akinipumulia.

Nikasimama nyuma ya mlango. Dada akichapa husikii herufi, unasikia mvua. Ilinyesha. Ikanyesha. Halafu ikakatika. Niliangalia ukuta, nikahesabu misumari isiyo na picha. Nikawaza: dirisha. Anatafuta mahali pa kuweka dirisha. Na nikajua kwamba akiliweka sitamwambia kitu, nitaandika sura nyingine na nyingine mpaka mafriji yote ya dunia yafe.

Mvua ikarudi.

Kanipa kurasa bila kunitazama. Hakuna dirisha. Shangazi kabaki nje na mabegi yake, hasemi kitu, na kwa shangazi yule huko ndiko kulia. Bawabu anaingia, anafunga. Sentensi moja tu si yangu: "Kabla ya kuingia alivua viatu, akavipanga pembeni vizuri, kwa sababu ndani palikuwa pametoka kupigwa deki."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Nimeiacha.

Chini kachapa MWISHO, herufi kubwa, kapigia mstari kama waraka wa ofisi. Nikasema riwaya haipigiwi mstari. Akasema hii inapigiwa.

Jumapili, 1 Oktoba

Kaniomba simu yangu. Kajifungia chumbani. Nilisikia akifoka peke yake humo ndani, nikaingia mbio nikidhani kuna mwizi. Kumbe anarekodi.

Karekodi karipio la taulo lenye maji kitandani. Karipio la kuacha jiko linawaka. Karipio la kumkatia mtu simu. Na moja refu aliloliita la jumla, "la siku utakayokosea kitu ambacho sijakifikiria". Akanionyesha pa kubonyeza. Nikasema sitazihitaji. Akasema: mdogo wangu, taulo liko kitandani sasa hivi.

Lilikuwa kitandani.

Jumatatu, 2 Oktoba

Naandikia kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha upasuaji. Herufi zinapanda mlima.

Kaamka alfajiri na kuanza kuongea. Hajanyamaza. Kaongea na dereva wa teksi kuhusu mkwe wa dereva. Kaongea na mlinzi wa getini, kaongea na karani wa mapokezi mpaka karani akasahau kutuuliza umri. Wodini kamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili riwaya nzima kuanzia mwavuli. Mgonjwa akauliza: na huyo Bawabu mwisho anakuwaje?

Dada akanitazama.

"Anaingia," akasema. "Anavua viatu, anaingia."

Mgonjwa akapiga ulimi kwa masikitiko. Dada akamwambia: usimlaumu mwandishi, ni mtoto wa mwisho, hakuonywa vya kutosha.

Wakamvisha gauni la kijani linalofungwa nyuma. Akalikagua pindo, akasema mshonaji alikuwa na haraka. Muuguzi akamwomba avue herini. Akavua, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake kama anavyonifunga tangu utoto. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nimeshika vitu vya baridi maisha yangu yote, sijawahi kushika baridi kama ile.

Mpwa wangu akapiga simu yuko njiani, basi limepita nusu ya safari. Dada akazungumza naye kwa muda, mambo ya kawaida kabisa, kama kala, kama amevaa sweta. Alipokata akasema, "Haya."

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Akapanda mwenyewe, kakataa kubebwa. Ilibidi alale chali kwa ajili ya mikanda, na nilimwona anavyojikaza, uso ukabadilika, akavuta hewa kwa kelele. Nikatembea pembeni yake mpaka kwenye mstari mwekundu sakafuni ambao ndugu hawavuki.

"Mdogo wangu."

"Naam, Dada."

Nilidhani atasema la taulo. Akasema, "Kilikuwa kitabu kizuri. Koma nyingi, lakini kizuri." Sauti yake ileile, nene kidogo, yenye uchokozi chini yake. Nikajitahidi kuisikia yote. Nikasema asante. Nilitaka kusema jambo la maana zaidi, mimi mwandishi wa kurasa zote zile, nikasema tena asante. Milango ikafunguka, ikafungwa.

Sasa nimekaa. Hakuna la kufanya. Nimezoea kukaa hivi, nikisikiliza mashine, nikisubiri, na kila mara nilikuwa na hadithi ya kujishughulisha nayo. Leo sina. Imeisha, imepigiwa mstari. Nimejaribu kumwaza Bawabu ndani ya lango, kama kuna kiti huko, kama magoti yanapumzika. Siwezi. Namwaza mtu mmoja tu, kalala chali, anahesabishwa namba kwa kurudi nyuma. Mwombaji mzuri mimi si. Nimeomba hivyohivyo, bila mpangilio, kama mtu anayepiga hodi kwa miguu. Nimesema nichukuliwe riwaya, nichukuliwe na karakana, yeye aachiwe tu...

Milango inafunguka. Mapema mno! Kitanda kinarudi. Nimesimama, herini zimenichoma kiganja.

Dada yuko juu yake, macho wazi, kofia ya plastiki kichwani, anaongea. Muuguzi anasema maji yamekatika hospitali nzima. Turudi Alhamisi.